Nimempa mtu pole ya msiba, yeye ameisoma kikaoni ili watu wacheke

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Ninaandika nikiwa bado ofisini, chai imepoa mezani, na hasira niliyoshindwa kuitoa mbele ya wakubwa ndiyo ninayoileta hapa. Sina haja ya kumtaja mhusika, kwa sababu kila ofisi kuanzia Posta hadi Mwenge inaye: ni yule bwana ambaye hata ukimwandikia kurasa mbili atakujibu kwa picha ya kidole gumba. Siku tarumbeta la Kiyama litakapolia, malaika naye ataambulia kidole gumba.

Bwana huyo amerejea kazini akitoka Moshi kumzika baba yake mdogo. Mimi nilihitaji kwake takwimu za matumizi, kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na taarifa yangu haiwezi kupanda kwa mkurugenzi ikiwa na jedwali tupu. Nikamwandikia kama nilivyolelewa: nikamsalimu, nikampa pole, nikauliza hali ya mjane na watoto, nikamwombea marehemu, na baada ya hapo ndipo nilipozigusia takwimu. Mtu katoka makaburini, nawe umdai jedwali kabla ya pole?

Leo asubuhi, kikaoni, nilipoulizwa sababu ya taarifa kuchelewa na nikajibu kwamba niliomba takwimu kwa maandishi, bwana yule alitoa simu yake, akasimama, akaanza kuusoma ujumbe wangu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alisoma salamu. Alisoma pole. Pole ya msiba wake mwenyewe! Akawa anausogeza ujumbe kwa kidole, taratibu, na alipofika chini kabisa akatangaza, "Hatimaye, waheshimiwa, tumelifikia jambo lenyewe." Mkurugenzi alicheka. Mhudumu aliyekuwa akimimina chai alicheka hadi sahani zikaogelea.

Kwamba wapo wenzetu wanaopenda maneno machache, hilo ninalijua, na sijawahi kumlazimisha mtu aniulize habari za nyumbani. Lakini pole ya msiba, ndugu zangu, imechekwa na mfiwa! Nawasilisha.

Karani wa Masijala: Pole sana mleta uzi, ingawa nimemaliza aya mbili kabla ya kujua umekosewa nini, na nikiri kwamba katika aya ya pili nilianza kumhurumia bwana yule. Barua ya serikali ina adabu kutushinda sote, lakini haianzi na hali ya mjane: inatanguliza kumbukumbu namba na anwani, kisha inakuja "Yah:" kwa herufi kubwa, ili mkubwa mwenye haraka ajue anaombwa nini kabla hajagusa aya ya kwanza. Ungeandika "Yah: Pole ya msiba na maombi ya takwimu za matumizi", asingepata pa kuchekea.

Mleta uzi: Kwa hiyo mimi nimpe mfiwa pole yenye kumbukumbu namba? Kaisoma mbele ya mkurugenzi, ndugu yangu. Pole!

Mstaafu Mtarajiwa: Nenda kwa afisa rasilimali watu ukalalamike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza unyanyasaji kazini, ila ninaogopa kwamba naye akiusoma ujumbe wako atacheka palepale walipocheka wenzake.

Binti Ngamiani: Afadhali wewe unayepewa kidole gumba, kwa maana kidole gumba hakihitaji kusikilizwa. Mkuu wangu wa kitengo hutuma maelekezo kwa sauti, dakika nane kwa pumzi moja, na katika dakika tatu za mwanzo anatafuta funguo za gari. Tangu mwaka 2021 WhatsApp imeturuhusu kusikiliza kwa kasi maradufu, nami ninamshukuru aliyebuni jambo hilo, isipokuwa kwa kasi hiyo mama huyo husikika akigomba hata anapokupongeza.

Folio Namba Moja: Huyo wako bado ni muungwana, kwa sababu sauti yake inabaki. Wangu hutoa agizo usiku, unalitekeleza asubuhi, na mambo yakiharibika unakuta pameandikwa kwamba ujumbe umefutwa, naye anakuuliza mbele ya watu nani aliyekutuma. Tulipokuwa na majalada, agizo lilipata namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na hakuna aliyeweza kulimeza. Mwaka 2017 tulipoletewa uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote, wakubwa wa aina hii walipewa zawadi ambayo hawakuiomba.

Karani wa Masijala: Ndiyo maana ninasisitiza maandishi. Agizo la mdomo lirudishie kwa maandishi siku hiyohiyo: "Kama ulivyoelekeza kwa simu, ninaendelea na jambo fulani." Asipokanusha, umepona.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye mada. Mfiwa amecheka.

Jirani wa Nairobi: Nimesoma haya yote nikiwa Industrial Area na ninawahurumia, lakini nami nina langu. Mimi huandika "Naomba hati za mzigo" na kumaliza, na wenzetu wa Dar es Salaam huniona sina adabu kwa sababu sikuuliza wameamkaje. Sawa, nikajirekebisha, nikaanza kuuliza wameamkaje, nao wakanijibu vizuri sana kwamba wameamka salama, na hati sikutumiwa.

Binti Ngamiani: Ulipouliza kuhusu mzigo uliambiwaje?

Jirani wa Nairobi: Niliuliza kama umetoka bandarini, nikaambiwa uko katika hatua za mwisho za kuanza kutoka. Mkubwa wangu akataka nimfafanulie maana yake, ikabidi nipige simu.

Mstaafu Mtarajiwa: Jibu hilo linamaanisha haujatoka, na aliyekujibu alikuwa anakuheshimu. Angekwambia "haujatoka", ungekasirika.

Jirani wa Nairobi: Ningekasirika dakika tano, kisha ningetafuta lori kwa siku nyingine. Badala yake lori langu lililala getini, na dereva akanitumia bili ya kulala.

Folio Namba Moja: Hiyo bili ameituma kwa maandishi?

Jirani wa Nairobi: Kwa sauti. Dakika kumi na moja, na bei hakuitaja.