Klorini wa sodiamu ni yupi?

Neema: Hamjambo humu. Nani bado anaikumbuka kemia? Kesho nina jaribio na hii bondi ya ioni, ile ya sodiamu na klorini kwenye chumvi, imegoma kuingia kichwani 😩

Mama: Msubiri shangazi yako. Mimi kemia niliiacha pale pale nilipoikuta.

Shangazi Rehema: Nipo. Hebu niambie kwanza wewe umeelewaje.

Neema: Sodiamu ana elektroni 11, zimepangwa kwenye matabaka: 2, 8, 1. Klorini ana 17: 2, 8, 7. Sodiamu anampa mwenzake ile moja ya nje, kila mtu anabaki na 8. Basi, wameungana.

Shangazi Rehema: Mpaka kwenye 8 uko sawa. Hapo kwenye "basi" ndipo umeteleza. Ukimpa mtu kitu ndiyo mmeungana?

Mjomba Idi: Inategemea umempa nini 😂

Shangazi Rehema: Kaka, tuache tusome.
Neema, sodiamu ikishatoa, ina protoni 11 na elektroni 10. Imekuwa chanya. Klorini protoni 17, elektroni 18, imekuwa hasi. Atomu yenye chaji hivyo ndiyo ioni; ya klorini huitwa kloridi. Chanya na hasi huvutana, na bondi ni huo mvuto. Kule kupeana ni safari tu ya kufikia hapo.

Neema: Aaah. Kwa hiyo kila sodiamu anamvuta klorini wake.

Shangazi Rehema: Wake yupi? Mvuto hauchagui, unakwenda pande zote. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na za kloridi 6: juu, chini, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Na kila kloridi hivyo hivyo. NaCl, fomula ya chumvi, ni uwiano tu wa moja kwa moja, hakuna wawili waliooana.

Mjomba Idi: Eti! Na mimi nilikuwa nachora viduara viwili vimegusana, napewa vema.

Shangazi Rehema: Neema, tia punje za chumvi juu ya kitu cheusi, uzivute karibu kwa kamera ya simu.

Neema: [picha]
Heee, ni vimchemraba! Vingine vimemeguka pembe ila kuta zimenyooka kabisa.

Shangazi Rehema: Ndio mpangilio wenyewe huo, umerudiwa mara zisizohesabika.

Juma: Swali la pembeni. Chumvi inayeyuka kwenye maji baridi, halafu kitabu kinasema inayeyuka kwa nyuzi 801 za Selsiasi. Kipi kweli?

Shangazi Rehema: Vyote. Neno moja, mambo mawili. Kwa moto unazitikisa ioni mpaka mpangilio uvunjike. Kwenye maji, molekuli za maji zina upande chanya kidogo na upande hasi kidogo, zinaizingira ioni na kuing'oa, moja baada ya nyingine. Kote kuwili ioni zinapata kutembea, ndiyo maana umeme unapita. Kwenye chumvi kavu zimebanwa, haupiti.

Neema: Na oksidi ya magnesiamu? Magnesiamu anatoa 2...

Shangazi Rehema: Malizia mwenyewe.

Neema: Chaji 2 kwa 2, mvuto mkali zaidi. Itataka moto zaidi ya 801?

Shangazi Rehema: Zaidi ya 2,800. Nenda kalale.

Mama: Asilale kwanza. Hiyo chumvi iliyomwagwa mezani nani anaifuta?