Asasi za wenyeji zilikuwa na nafasi gani Kagunga mwaka 2015?

Mwezeshaji_Kibondo:
Ndugu wanajukwaa, naandaa mada ya mafunzo ya asasi za kiraia mkoani Kigoma. Taarifa nyingi kuhusu Warundi waliokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani mkoani humo, mwaka 2015, baada ya Rais Nkurunziza kupitishwa kugombea muhula wa tatu, zinataja mashirika ya Umoja wa Mataifa pekee. Je, wenyeji walifanya nini, na ni kitu gani kiliwazuia kufanya zaidi?

Mwanaziwa:
Ndugu Mwezeshaji, tuanze na mahali penyewe. Kagunga imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali, na kwa kuwa meli ya MV Liemba haikuweza kufika ufukweni, watu walipelekwa melini kwa boti ndogo, wengi wao wakiwa wamedhoofika, ndipo wasafirishwe hadi Kigoma mjini, wapumzike katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wapande mabasi kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwezi Mei kipindupindu kililipuka. Hapo ndipo wajitoleaji wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania walipohitajika sana, kwa sababu Muha, mwenyeji wa Kigoma, na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Mama anayeharisha, aliyetoka kwao juzi tu na mtoto mgongoni, anahitaji kuelezwa kwa lugha yake namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari na kwa nini maji ya ziwani yasinywewe bila kutibiwa. Kazi hiyo hamwezi kuiagiza kutoka makao makuu ya mashirika ya kimataifa kule Geneva.

Neema_wa_Kasulu:
Nakubaliana na Mwanaziwa kuhusu siku zile za mwanzo, lakini swali la pili ndilo zito zaidi. Asasi za Kitanzania kama TWESA, upande wa maji na usafi, na REDESO zimefanya kazi kubwa kambini. Hata hivyo, asasi inayotegemea fedha za mfadhili mmoja kwa mkataba wa muda mfupi huishia kutekeleza mpango uliopangwa na wengine, na mkataba ukiisha, wahudumu waliokwisha kuzoeleka kwa wakimbizi hutawanyika. Vikundi vidogo, kwa mfano vya akina mama wa vijijini, vina kikwazo kingine: kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Vikiwa vinasubiri kibali hicho, vijiji jirani, ambako ugomvi wa kuni kati ya wenyeji na wakimbizi huanzia, hubaki bila mtu wa kuvisemea. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa la mipango.

Mwezeshaji_Kibondo:
Asante sana, dada Neema. Je, vikundi hivyo vingeweza kuanzia kazi nje ya kambi, bila kusubiri kibali?

Neema_wa_Kasulu:
Ndiyo, kwa kupitia serikali za vijiji. Miti ya kuni, majiko yanayotumia kuni chache na usuluhishi kati ya wakulima na wakimbizi ni kazi za kijijini, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuziitishia mkutano wiki hii hii.