Okidi inaniozea ndoani, na baba mkwe keshanoa panga kwa ile iliyobaki mwembeni

BintiWete:
Asalam aleykum wapendwa. Mie nipo Pemba. Upepo wa kusi umetuangushia tawi kubwa la mwembe shambani, juu yake kumbe kuna kitu kama kichaka cha miwa midogomidogo ya manjano, na mizizi myeupe imesimama juu kama sindano. Wifi yangu akasema hiyo okidi, mwaka juzi ilitoa maua ya manjano yana madoa ya kahawia kama chui. Basi nikakata kipande nikakipanda kwenye ndoo, udongo mweusi na samadi, namwagia asubuhi na jioni kama mchicha. Wiki ya tatu hii majani yanakuwa manjano, mashina mawili yamelainika ukiyabonyeza yanatoa maji yananuka. Na kipande chengine bado kipo juu ya mwembe, baba mkwe anasema hicho kirukia kinanyonya mti ndio maana embe mwaka huu hamna. Kesho anapanda na panga. Nifanyeje?

Yakhe77:
Samadi?? Yakhe umeiua kwa mapenzi 😂

Fundi_wa_Bustani:
Wa aleykum salam dada. Hiyo kwa ulivyoieleza ni Ansellia africana, ipo toka Kenya mpaka kule Afrika Kusini, inapenda joto na inakaa juu ya miti. Itoe ndoani leo leo. Mizizi yake inataka hewa, ukiifukia kwenye udongo mbichi inaoza tu, na yale mashina kama miwa ndio tangi lake la maji kwahiyo kiu haimsumbui kama unavyodhani. Ile mizizi ya sindano inadaka majani makavu yanayoanguka, yanaozea pale pale, basi hiyo ndio samadi yake.
Kata palipooza mpaka ufike penye ugumu, kisu kipitishe kwenye moto kwanza. Kwenye kidonda paka unga wa mdalasini, sikutanii, unakausha, ila usiuguse kwenye mizizi mizima. Ining'inize kivulini siku mbili tatu bila maji. Halafu ifunge kwenye kigogo au tawi la mwembe kwa kamba au soksi kuukuu, ikaze isicheze, mizizi haishiki kitu kinachotikisika.

BintiWete:
Nyumba ya kupanga hii hamna mti. Chungu hakifai kabisa?

Fundi_wa_Bustani:
Kinafaa, kitoboe pembeni na chini. Jaza mkaa na vipande vya makumbi, udongo hata chembe usitie. Makumbi yaloweke siku kadhaa huku unabadilisha maji. Na usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yamejaa chumvi! Maji pia, kama kisima chenu kina munyu kinga ya mvua kwenye bati. Mwagia asubuhi, kikauke ndio umwagie tena. Mpe jua la asubuhi, maana kivuli kizito kinakupa majani ya kijani kibichi na ua hulioni. Kipande kidogo hicho, maua usiyatarajie leo wala kesho.

BiAsumini:
Samahani nadandia, nasikia vanila nayo ni okidi? Mbona sie vanila tunaipanda chini na inashika vizuri tu, na maua tunayachavusha kwa kijiti kila asubuhi. Na hii je?

Fundi_wa_Bustani:
Ni ukoo mmoja bibie ila tabia mbali. Vanila inatambaa, miguu inaiweka ardhini kichwa kinapanda mti. Kijiti ni kwa sababu imetoka Meksiko na wadudu wake wamebaki huko, na ua lenyewe linafunguka asubuhi moja tu. Hii ya chui ni ya kwetu Afrika, wadudu wake wapo, muache.

MkulimaNdijani:
Mie nirudi kwa baba mkwe maana hapo ndio kuna moto. Kirukia kinaletwa na ndege, kinatoboa gome na mzizi unaingia ndani ya mti kunyonya. Okidi inashika gome kwa nje tu, haili kitu cha mwembe. Mwambie anyanyue mzizi mmoja kwa ukucha aone kama umeingia ndani. Na embe kuruka mwaka mbona kawaida, au mvua imepiga wakati wa maua. Lakini mzee nae asidharauliwe, kichaka kikishakuwa kikubwa kina uzito, tawi bovu linaweza kukatika nalo. Pengine hilo lililoanguka ndio hivyo hivyo.

Yakhe77:
Na watu wasisome hapa wakaenda kuzing'oa msitu wa Ngezi jamani. Ya tawi lililoanguka shambani kwako sawa, ya msituni iacheni.

BintiWete:
Mrejesho. Mashina matatu yamepona, yapo kwenye chungu cha mkaa. Baba mkwe kapanda asubuhi na panga lake, kanyanyua mizizi kwa ukucha, katulia huko juu muda mrefu mpaka mama mkwe akaanza kumwita. Kashuka kasema haya libaki, lakini mwakani embe zisipozaa anataka namba ya huyo wa Ndijani.