Tupeane uzoefu: nyenzo za mtandaoni za kufundishia Kiingereza zinazofanya kazi hata bando likiisha

Mwl_Chake (mwanzisha mada)

Assalamu alaykum, walimu wenzangu wa Unguja na Pemba.

Viungo vya tovuti za kufundishia Kiingereza vinazunguka kwenye magrupu yetu kila wiki, na vingi ni vizuri kweli. Lakini vimetengenezwa kwa mwalimu mwenye wanafunzi kumi na tano, projekta na mtandao wa skuli. Mwalimu wetu ana wanafunzi sitini au zaidi, mkondo wa mchana unaosubiri chumba hichohicho, na bando lililotoka mfukoni mwake. Kwa hiyo ombi langu: ukitaja tovuti, sema unachukua nini pale, unakihifadhi vipi, na kinaharibikia wapi. Nyenzo ambayo haipakuliki ukaitumia skuli bila mtandao, mimi siihesabu kuwa nyenzo ya darasani.

Naanza na kusikiliza, kwa sababu ndio ujuzi tunaouruka kuliko wote. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, nendeni LearnEnglish ya British Council, sehemu ya kusikiliza. Imepangwa kwa ngazi, A1 (wanaoanza) hadi C1 (waliobobea), na kila somo lina sauti, maandishi ya mazungumzo na karatasi ya mazoezi ya kupakua. Kidato cha tatu na cha nne wanaweza kupanda hadi 6 Minute English ya BBC Learning English, ambayo nayo ina MP3 na maandishi yake. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo kipindi kizima ni megabaiti sita hivi. Ukichukua video, bando linakwenda mara kadhaa ya hapo, na darasani hakuna atakayekiona kioo cha simu.

Usiwachezee dakika zote sita. Kata kipande cha sekunde 60 hadi 90. Andika ubaoni maneno manne magumu na uyaeleze. Mara ya kwanza wasikilize kwa swali moja tu: wanazungumzia nini? Mara ya pili, maswali matatu ya undani. Mara ya tatu ndipo uwape maandishi yenye mapengo. Mapengo yawe ya maneno waliyokwisha kuyasoma, si majina ya watu wala takwimu. Kinachoharibu somo hili ni mwalimu kugawa maandishi kabla ya kusikiliza. Hapo wanafunzi wanasoma, hawasikilizi tena, na mwalimu anaamini wameelewa.

Wakilalamika kuwa wasemaji wanakwenda mbio, tumieni programu ya VLC, ni ya bure kwa simu na kompyuta. Shusha kasi hadi 0.8. Chini ya 0.7 sauti inavutika na wanafunzi wanazoea Kiingereza ambacho hakisemwi popote.

BiMkwajuni

Wa alaykumu ssalaam. Naongeza la spika, maana hapo ndipo somo zuri linapofia. Spika ya Bluetooth ikiwekwa juu ya meza ya mwalimu, wa mbele wanapigiwa kelele na wa nyuma hawapati kitu. Iweke ubavuni, katikati ya urefu wa chumba, usawa wa masikio ya mwanafunzi aliyekaa, ielekezwe upande wa pili wa darasa. Usipandishe sauti hadi mwisho: spika ndogo inapasua, na herufi za kukwaruza kama s na f ndizo zinazopotea kwanza. Mwanafunzi hasikii tena tofauti ya *work* na *works*.

Na kipindi cha masika, somo la kusikiliza lipangwe huku somo la kusoma liko tayari mfukoni. Mvua ikipiga mabati, hakuna spika itakayoishinda.

Maalim_wa_Msingi

Kwa skuli za msingi, kama ni tovuti moja tu, basi African Storybook. Ni hadithi za Kiafrika zenye picha, kwa lugha nyingi za bara hili, na nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: hadithi ileile, picha zilezile. Zina leseni ya wazi, kwa hiyo kuchapa na kugawa ni halali alimradi majina ya mtunzi na mchoraji yabaki pale yalipo.

Zina ngazi tano, kuanzia neno mojamoja hadi hadithi ndefu za kusomewa na mwalimu. Makosa makubwa ni kuchagua kwa darasa badala ya kuchagua kwa uwezo. Darasa la tano wengi wao wanaanzia ngazi ya sentensi za mwanzo, na hakuna aibu. Ukurasa ukiwa na maneno mapya zaidi ya matano, hadithi hiyo si ya kusoma wenyewe bado; wasomee wewe.

Njia inayofaa: siku ya kwanza hadithi isomwe kwa Kiswahili, wacheke, waulizane, waijue. Siku ya pili Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, bila kufasiri sentensi kwa sentensi. Mtoto anaijua hadithi tayari, kwa hiyo akili yake yote iko kwenye lugha. Ukifasiri kila mstari, anasubiri Kiswahili na Kiingereza kinapita juu juu.

Soma hadithi mwenyewe hadi mwisho kabla ya kuchapa. Tafsiri hazilingani ubora, na Kiswahili cha baadhi yake si cha huku kwetu. Ukijisajili, tovuti inakuruhusu kutengeneza toleo lako: ukabadilisha jina la mtoto, ukaweka skuli pahali pa shule, ukaweka dagaa pahali pa chakula ambacho mtoto wa Wete hajawahi kukiona.

PrintaYaSkuli

@Maalim_wa_Msingi umesema kuchapa, naweka hesabu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa kati inatoa kurasa nne za kijitabu. Hadithi ya kurasa 16 ni karatasi nne. Wanafunzi 60 wakishirikiana wanne wanne ni vijitabu 15, yaani karatasi 60. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa hadithi nane na karatasi zinabaki. Vijitabu vikishonwa kwa stepla mbili kwenye mkunjo na kutiwa jalada la karatasi ngumu, vinazunguka darasa hadi darasa, hivyo gharama si ya kila mwaka.

Kinachowasumbua wengi ni kurasa kutoka kichwa chini. Katika mpangilio wa printa, kwa kijitabu cha kukunja chagua kugeuza karatasi kwa ubavu mfupi, si mrefu. Printa isiyochapa pande mbili yenyewe, chapa upande mmoja wa kijitabu kimoja tu kwanza, rudisha karatasi, uone zinavyotoka, ndipo uendelee na vingine. Chapa kwa rangi nyeusi. Picha nyingi za pale zinabaki kueleweka, na wino wa rangi ni ghali mno kwa kazi hii.

Sauti_na_Irabu

Matamshi. Tovuti mbili zinatosha: kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, inayotoa matamshi ya Uingereza na ya Marekani kwa sauti, na YouGlish, ambayo ukiandika neno inakuletea vipande vya video za YouTube vyenye watu wakilitamka ndani ya sentensi. YouGlish inataka mtandao, kwa hiyo ni ya mwalimu kujiandaa usiku, si ya kupeleka darasani.

Jueni pa kuwekea nguvu. Sisi wa visiwani *th* haitusumbui kama inavyowasumbua wengine, kwa sababu *thamani* na *dhahabu* tunazitamka tangu utotoni. Mwalimu asipoteze kipindi kizima kwa *think* na *this*. Kazi yetu iko kwenye irabu. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, ndiyo maana *ship* na *sheep* zinakuwa neno moja, na *cat*, *cut* na *cart* zote zinaangukia kwenye *a* yetu. La pili ni irabu tunayoibandika mwisho wa neno: *book* inakuwa *buku*.

Zoezi ni rahisi. Andika ubaoni jozi kumi za maneno kama *ship* na *sheep*, safu ya 1 na safu ya 2. Mwalimu anatamka neno moja, wanafunzi wanainua kidole kimoja au viwili. Wakifika nane sahihi kati ya kumi, mwanafunzi anachukua nafasi ya mwalimu. Usianze kwa kuwatamkisha. Sikio lisiposikia tofauti, ulimi hautaitoa.

TC_Kompyuta

Kwa vituo vya walimu na skuli zenye japo kompyuta moja: Kiwix na Kolibri. Zote ni za bure na zote zinafanya kazi bila mtandao baada ya kupakua mara moja.

Kiwix inasoma mafaili ya ZIM, yaani tovuti nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Chukueni Wikipedia ya Kiingereza chepesi (Simple English), iliyoandikwa kwa sentensi fupi na msamiati mdogo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, na tangu hapo mwalimu wa Kiingereza amekuwa akibeba msamiati wa sayansi pia. Makala fupi za *photosynthesis* au *volcano* zinamsaidia yeye na mwenzake wa sayansi. Faili lina matoleo matatu: mini lina utangulizi wa kila makala tu, nopic lina maandishi yote bila picha, maxi lina kila kitu. Kwa kusomea, nopic inatosha.

Kolibri inageuza kompyuta moja kuwa maktaba ya chumba kizima. Unapakua chaneli, yaani mikusanyo ya masomo, unazotaka (African Storybook imo), unaunganisha simu na tableti kwenye Wi-Fi ya ruta yoyote hata isiyo na intaneti, na kila mmoja anafungua kwenye kivinjari chake anwani ya ile kompyuta, aghalabu ikimalizia na :8080. Isipofunguka, karibu kila mara sababu ni ulinzi wa Windows (firewall) unaozuia. Ruhusu Kolibri kwenye mtandao binafsi, itafunguka.

KidatoChaNne

Kuna nyenzo inayosahauliwa na ni yetu wenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Kiingereza cha kidato cha nne ni namba 022. Ripoti inakwenda swali kwa swali: wangapi walifanya vizuri, walikosea nini na kwa nini, pamoja na picha za majibu halisi, mazuri na mabaya.

Chukua jibu bovu, liandike upya kwa mkono bila alama, wape wanafunzi walisahihishe wawili wawili kwa kutumia vigezo vya ripoti. Hata somo la nyakati linapata mwanga: *-me-* yetu inakubali tarehe, *have* yao haikubali. Mwanafunzi anaandika *The Revolution has happened in 1964* kwa kuwa kwa Kiswahili “yametokea” haimkeri. Mfundishe kanuni moja: ukitaja wakati uliopita na kwisha, *has* inatoka, *happened* inabaki peke yake.

Msiwape ripoti nzima. Ni ndefu na lugha yake ni ya watahini. Swali moja kwa wiki linatosha.

Mwl_Micheweni

Nauliza. Faili la ZIM linapakuliwa vizuri kwenye kompyuta, lakini likihamishwa kwenye memori kadi ya simu linakataa karibu na mwisho, na kadi ina nafasi ya kutosha. Ni kadi mbovu?

TC_Kompyuta

@Mwl_Micheweni si lazima iwe mbovu. Kadi nyingi ndogo zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, nao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata kadi ikiwa na nafasi ya 32. Hamisha vitu vyako kwanza kwenye kompyuta, maana hatua inayofuata inafuta kila kitu. Kisha bofya kulia kwenye kadi, chagua Format, weka exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, halafu nakili tena. Kabla ya hapo hakikisha simu yako inasoma exFAT, kwa sababu baadhi ya simu za zamani hazisomi. Kama haisomi, shuka kwenye toleo la nopic la Wikipedia ya Kiingereza chepesi, lenyewe ni dogo zaidi na litaingia kwenye kadi hiyohiyo.