Naomba ushauri: filamu ya rodamini na sianostari inaingia ukungu, hewa ya Tanga

Wakuu, shikamooni. Shida iko kwenye kukausha filamu, yaani utando mwembamba wa rangi ing'aayo juu ya kioo.

Mchanganyiko ni ule wa kutenganisha rangi ndani ya kimiani cha ioni (ioni zilizojipanga kwa safu): rodamini 6G, rangi ing'aayo yenye chaji chanya, na molekuli 2 za sianostari, zenye umbo la pete, zinazoikumbatia ioni hasi. Bila sianostari, molekuli za rangi hubanana zikikauka na mwanga huzimika. Kwa miligramu 10 za rodamini yenye PF6 (heksafluorofosfati, ndiyo ioni hasi), sianostari ni takriban miligramu 31. Ikipungua, sehemu ya rangi inabaki uchi.

Kloridi, ioni hasi inayokuja na rodamini, lazima itoke kwanza, maana haijai vizuri kwenye tundu la sianostari. Rodamini inayeyushwa kwenye maji, inatiwa KPF6 (chumvi ya potasiamu yenye PF6) ya ziada, mashapo yanachujwa na kuoshwa mpaka maji ya kuoshea yasitie weupe yakidondoshewa nitrati ya fedha. Hapo hakuna utata.

Utata ni diklorometani, kiyeyushi ninachomiminia mchanganyiko kwenye kioo. Inachemka nyuzi 40 tu, kwa hiyo kwenye kioo huruka haraka, kioo kinapoa, na unyevu wa hewa ya pwani unatua juu yake. Filamu inatoka nyeupe, ina vitundu, na chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365 inang'aa kwa mabaka.

Je, bora kupasha kioo kidogo kabla ya kumimina, kukaushia kwenye boksi lenye silika jeli, au kuhamia klorofomu inayochemka nyuzi 61? Na mabaka ya unyevu mnayatofautishaje na yale ya kloridi iliyobaki? Aliyefanyia Dar au Zanzibar atanifaa zaidi kuliko wa Arusha, kwa sababu ya hewa.