Zaireeka ya The Flaming Lips: deki nne, simu nne au faili moja?

kandambili77
Wadau, naomba ulinganisho. Zaireeka, albamu ya bendi ya rock ya Marekani The Flaming Lips (Oktoba 1997), ni CD nne zenye nyimbo nane zilezile. Kila CD imebeba sehemu yake ya muziki, na zote zinatakiwa kupigwa kwa wakati mmoja. Chumba ni mita nne kwa nne. Bora deki nne za DVD na sabufa nne, simu nne na spika za bluetooth, au kuchanganya zote kwenye kompyuta?

FundiMawimbi
Bluetooth iondoe kwanza. Spika hizo huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 250, na hazichelewi sawa, kwa hiyo ngoma zitasikika kama mtu anaangusha sufuria. Ukibanwa utumie simu, chomeka waya wa AUX.

Deki ndizo zenyewe. Weka CD zote, subiri kila deki isome diski, cheza wimbo kidogo, urudishe mwanzo na ubonyeze pauzi. Deki ikianzia kwenye stopu inahitaji muda wa kuzungusha diski, na hapo ndipo nusu sekunde inapotea. Kisha mtu mmoja ahesabu, wote waachie pauzi pamoja. Deki zikiwa za aina moja, rimoti moja inaziamsha zote.

Rudia hivyo kila wimbo, maana kila deki ina saa yake ya ndani. Moja ikikosea kwa sehemu 50 katika milioni, kwenye "A Machine in India" wa dakika kama kumi itateleza milisekunde 30. Nyingine ikiteleza upande wa pili, tayari zimeachana 60, na sikio linasikia mwangwi.

bint_reli
Yote hayo kwa ajili ya albamu moja? Ingiza CD nne kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, linganisha mwanzo wa kila wimbo, shusha sauti ya kila moja desibeli (dB) 12, toa faili. Usiposhusha, vilele vya mawimbi ya sauti vinajumlishana na sauti inapasuka.

FundiMawimbi
Halafu unabaki na spika mbili, sehemu zote nne zinagombania katikati. Na huko kuteleza ndiko kulikokusudiwa. Mwaka 1996 Wayne Coyne, mwimbaji wa bendi, alikuwa akigawa kaseti kwa wenye magari kwenye maegesho, wazipige zote kwa pamoja. Mwaka huohuo mpiga gitaa Ronald Jones aliondoka, wakabaki watatu, na badala ya kuziba pengo wakageukia majaribio haya na prodyuza Dave Fridmann. Anayetaka mambo yaliyonyooka ana albamu yao The Soft Bulletin ya 1999, iliyotoka kipindi hichohicho cha kazi.

mzee_wa_kaseti
Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, waliipa Zaireeka 0.0 kati ya 10. Hukumu ya kivivu, ila inaonyesha watu walivyokereka kuambiwa watafute redio nne.

Jina ni Zaire na "eureka" vimeunganishwa. CD inafika madukani, Zaire yenyewe ilishabadilishwa jina tangu Mei.

Onyo la kifurushini msilichukulie utani: usisikilize ukiendesha gari, wala karibu na watoto wachanga. Wimbo wa sita una sauti nyembamba sana na nzito sana, unaweza kukuletea kizunguzungu. Punguza besi kabla haujaanza, la sivyo sabufa ndogo itakwaruza.

bint_reli
Sawa, basi njia ya kati: kompyuta moja na kadi ya sauti yenye njia nane za kutoa sauti, yaani stereo nne. Saa ni moja, hakuna kuteleza, na kila CD inabaki na spika zake. Anayetaka fujo asogeze CD ya tatu mbele milisekunde 40.

kandambili77
Kadi hiyo inazidi bei ya deki tatu za mtumba. Naenda na deki. Sabufa nazo, kona nne?

FundiMawimbi
Kona nne, satelaiti (zile spika ndogo za sabufa) zikitazama katikati. Usihangaike kupima kwa futi: mita moja ni milisekunde 3 tu. Ukiunganisha laptop kisha ukasikia ngurumo, chomoa chaja yake kwanza.