Bima ya dhima kwa fundi bomba: nimepewa bei mbili, nichague ipi?

Fundi wa Ipuli (Tabora)

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni fundi bomba hapa Tabora mjini. Nina vijana wawili ninaowalipa mshahara wa mwezi, na wengine huwaita kwa siku pale kazi inapozidi mikono yetu. Kwa miaka 11 nimefanya kazi hii bila bima yoyote isipokuwa ile ya pikipiki, ambayo nayo naikata kwa sababu ya trafiki tu, na sikuona kama nimepungukiwa na kitu mpaka mwezi wa tatu mwaka huu.

Nilifunga mfumo wa maji katika nyumba ya kulala wageni maeneo ya Cheyo. Tulipima saa nane mchana, nami mwenyewe nikapitisha karatasi laini kwenye kila kiungo, ikatoka kavu. Usiku, watu wamefunga koki zao na presha ya bomba la mtaani imepanda, yunioni moja, yaani kiungo cha kuunganisha mabomba, iliyokuwa juu ya chumba cha pili ikaachia. Mlinzi alisikia maji saa kumi alfajiri. Nilipofika, dari ya jipsamu ilikuwa imeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na tukiwa bado tunahangaika kufunga valvu ikadondoka yote juu ya kitanda. Dari, rangi, godoro na televisheni vilinigharimu shilingi 1,150,000, ambazo nimezilipa kwa awamu tatu. Faida ya kazi yenyewe haikufika hata nusu ya fedha hiyo.

Sasa nimepata kazi ya hosteli ya ghorofa tatu, na mwenye jengo amesema hatusaini mkataba mpaka nimwoneshe bima ya dhima, yaani ile inayolipa hasara ninayomsababishia mtu mwingine. Nimeuliza sehemu mbili, na zote zina kikomo cha fidia cha shilingi milioni 50 kwa mwaka. Wakala mmoja amenitajia 450,000. Wa pili, kupitia benki ninayoweka fedha zangu, amenipa karatasi yenye 495,600. Je, tofauti hii inatoka wapi, na nikichukua ile ya bei ndogo nitakuwa nimekosea? Pia nataka kujua kama kuna haja ya kuongeza bima ya vifaa.

Mstaafu wa Bima (Sikonge)

Ndugu Fundi, pole kwa yaliyokukuta Cheyo. Nilifanya kazi ya bima kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani kufuga nyuki, kwa hiyo nitakujibu kwa kadiri ninavyoifahamu kazi hiyo.

Kwanza, hizo bei mbili hazijaandikwa kwa namna moja. Bima za kawaida zisizo za maisha wala za afya hutozwa VAT ya asilimia 18, na wako mawakala wanaotaja ada tupu ili mteja asishtuke. Hata ile 118,000 ya bima ndogo ya gari tuliyoizoea ni 100,000 pamoja na VAT yake. Ukiichukua 450,000 na kuiongezea asilimia 18 unapata 531,000. Ile ya benki ya 495,600, ukiivua VAT, inabaki 420,000. Hivyo ile uliyodhani ni ndogo ndiyo kubwa, labda kama wakala amekuhakikishia kwa maandishi kwamba kodi imo ndani.

Pamoja na hayo, nisingekushauri uamue kwa bei kabla ya kuuliza swali moja ambalo kwa fundi bomba lina uzito kuliko yote: je, bima hii inalipa hasara inayotokea baada ya mimi kukusanya vifaa vyangu na kuondoka? Bima nyingi za dhima zilizoandikwa kwa ajili ya mafundi kwa ujumla humlinda fundi akiwa kazini, kwa mfano tofali likimwangukia mpita njia au ngazi ikivunja kioo cha jirani. Mchoraji wa ukuta bima hiyo inamtosha. Wewe kazi yako haina tabia hiyo, kwa sababu maji hayana haraka. Yanasubiri uondoke, yanasubiri presha ipande, ndipo yatoke. Hata mkasa wako ulitokea saa kumi alfajiri ukiwa umelala Ipuli, na kama ungekuwa na bima isiyogusa kazi iliyokwisha kukabidhiwa, ungelipa 1,150,000 zako na ada ya bima juu yake. Kwa hiyo mwombe kila mmoja akuoneshe ndani ya hati ni ukurasa gani unazungumzia kazi zilizokamilika na kwa muda gani. Usikubali jibu la mdomo.

Pili, jua kwamba bima ya dhima hailipi kazi yako mbovu yenyewe. Yunioni iliyoachia utainunua mwenyewe, na siku ya kurudia kazi ni yako. Kinacholipwa ni dari, godoro na televisheni ya mwenye nyumba. Tena kuna kiasi cha mwanzo ambacho unajibebea mwenyewe katika kila dai. Kama kiasi hicho ni shilingi 500,000, basi kwa hasara yako ya Cheyo ungelipwa 650,000 tu. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, mara nyingi siri iko hapo.

Kuhusu namna ada inavyopangwa, kampuni hutazama mapato yako ya mwaka au jumla ya mishahara unayolipa, idadi ya watu wako, kikomo cha fidia unachotaka, historia ya madai, na aina ya kazi. Ghorofa huongeza ada. Mitaro mirefu huongeza. Kutumia moto wa gesi katika jengo la mtu huongeza zaidi, na wakati mwingine huja na sharti la kuwa na kizima moto pembeni na kukaa hapo kwa muda baada ya kuzima moto wako. Sema ukweli kwenye fomu. Aliyeandika kwamba anafunga sinki na masimtanki ya nyumba za kawaida, kisha akadai kwa mafuriko ya ghorofa ya tatu, amewapa sababu ya kumkatalia.

Hao vijana wako wawili hawamo katika bima hii. Wao ni wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko si hiari ya mwajiri bali ni sheria. Kwa bahati nzuri ni nafuu: mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, unalipwa na mwajiri na haukatwi kwa mfanyakazi. Ukiwalipa 300,000 kila mmoja, unachangia shilingi 3,000 kwa mwezi kwa wote wawili.

Kijana wa Ng'ambo

Kwa heshima zote kwa mzee, mimi naona hii ni kumtajirisha mtu wa Dar es Salaam. Katika miaka 11 Fundi amepata hasara moja ya 1,150,000. Kama angekuwa analipa 531,000 kila mwaka, zingekuwa 5,841,000. Afungue akaunti ya dharura, aweke fedha hiyo kidogo kidogo, na ikitokea ajali alipe mwenyewe bila kuulizwa ukurasa wa ngapi.

Mama Gungu (Kigoma)

Mdogo wangu wa Ng'ambo, hesabu yako ni sahihi kwa dari moja ya jipsamu. Mimi nina kampuni ndogo ya ukandarasi hapa Kigoma, na ninachokiogopa si dari moja. Ninaogopa siku ambayo bomba litaachia juu ya duka la vifaa vya umeme ghorofa ya chini, au chumba cha kompyuta cha shule, ambapo hiyo akaunti ya dharura itaisha kabla ya saa tatu asubuhi na deni litabaki kwa wanangu. Akaunti uwe nayo, kwa ajili ya kile kiasi cha kujibebea alichokitaja mzee. Zaidi ya hapo, Fundi ameshaambiwa kwamba bila bima hakuna mkataba, kwa hiyo ada hiyo ni sehemu ya gharama za kazi kama yalivyo mabomba. Akifanya kazi 40 kwa mwaka, 531,000 ni shilingi 13,275 kwa kila kazi. Aiingize kwenye makadirio yake.

Naomba niongeze jambo ambalo lilinigharimu mwenyewe. Miaka michache iliyopita kijana wangu alitoboa bomba la zamani tukiwa tunachimba mtaro chini ya mwembe, kwenye kiwanja cha mteja wetu Mwanga, na maji yakaingia stoo ya jirani yenye magunia ya mahindi. Nilivyolelewa, nikaenda palepale nikapiga magoti, nikasema nitalipa kila kitu, na jioni nikaandika karatasi ya ahadi. Kampuni ya bima ilipofika ilinionesha kifungu kinachosema mkatiwa bima asikubali kosa wala kuahidi malipo bila ridhaa yao. Nililipa mahindi yote kutoka mfukoni. Siku hizi nawafundisha vijana wangu: mpe mtu pole ya kweli, funga maji, msaidie kutoa vitu, piga picha, pigia simu bima siku hiyohiyo, lakini neno "nitalipa" libaki mdomoni.

Kuhusu vifaa, uamuzi unategemea unavilaza wapi. Bima ya wizi kwa kawaida inataka dalili ya kuvunjwa mlango au kufuli, kwa hiyo mashine ya kuchomelea mabomba ya plastiki iliyoachwa wazi saiti au juu ya guta hailipwi. Na usipunguze thamani ili ada iwe ndogo. Kama vifaa vyako vyote vina thamani ya milioni 3 nawe ukaandika milioni 1.5, kisha vikaibwa vya 800,000, watasema ulikata bima ya nusu na watakulipa 400,000. Mimi nilinunua sanduku la chuma na kufuli mbili badala ya bima hiyo, na sijutii.

Mstaafu wa Bima (Sikonge)

Mama Gungu amenikumbusha mawili. Bima haianzi kufanya kazi mpaka ada iwe imelipwa, kwa hiyo usiingie saiti kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Na ukishalipa, hakiki namba ya kavanoti, yaani hati inayothibitisha kwamba umekatiwa bima, katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa kuwa karatasi yenye muhuri mzuri mtu yeyote anaweza kuichapa. Ikitokea mmeshindwana katika dai, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mtu wa kawaida anaweza kupeleka shauri lake kabla ya kufikiria mahakama.

Fundi wa Ipuli (Tabora)

Mzee wangu, shikamoo, na Mama Gungu nakushukuru sana. Nimezunguka kote kuwili leo nikiwa na swali la mzee mkononi.

Wakala wa kwanza alikiri kwamba VAT haikuwemo, kwa hiyo bei yake ni 531,000 kama mlivyosema. Hata hivyo alifungua hati na kunionesha kifungu cha kazi zilizokamilika, miezi 12 tangu siku ya makabidhiano, na kiasi cha kujibebea ni 200,000. Kule benki dada alisoma hati yote mbele yangu, akapiga simu makao makuu, kisha akaniambia kifungu hicho hakimo, ila kinaweza kuongezwa kwa 60,000 kabla ya kodi. Tukajumlisha naye: 480,000 na VAT yake ni 566,400. Kwa hiyo yule niliyemwona wa bei ndogo mwanzoni, kisha mkanionesha kuwa ni wa bei kubwa, amerudi kuwa wa bei ndogo kwa shilingi 35,400.

Nimemwomba anitumie kifungu hicho kwa maandishi kabla sijalipa. Vijana nitawaandikisha WCF wiki ijayo. Vifaa nitaanza na sanduku la chuma; fundi wa kuchomelea pale Isevya ameniambia nimpelekee vipimo kesho.